Kishikwambi Kinachofaa Wodini

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine hukaa kitini au kitandani takriban saa 4 kila anapokwenda, na kwa kawaida huhitaji kwenda mara 3 kwa wiki. Mkono mmoja, ule wenye mshipa ulioandaliwa kwa upasuaji, huchomwa sindano mbili nene, na haupaswi kukunjwa wala kutikiswa mpaka mashine imalize kazi. Anabaki na mkono mmoja. Akitaka kununua kompyuta ndogo ya kumsaidia kupitisha saa hizo, kusoma, kufuatilia kazi zake au kuzungumza na watoto walioko mbali, la kwanza kujiuliza ni mkono huo uliobaki unaweza kushika nini, na kwa muda gani, kabla haujachoka.

Dukani hakuna anayeuliza hivyo. Muuzaji wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi ataanza na RAM, kisha ukubwa wa hifadhi, kisha kamera ya mbele na ya nyuma. Maelezo hayo yana maana kwa mtu mwenye afya aliyeketi mezani. Mgonjwa hana meza, na kama anayo, ni ile ya kuwekea uji na dawa. Ndiyo maana nashikilia kwamba kifaa cha kwenda nacho hospitali kipimwe kwa saa ambayo mwenyewe atakuwa dhaifu kuliko saa nyingine zote: usiku wa kwanza baada ya upasuaji, kanula ikiwa mkononi, kichwa kizito kwa dawa ya usingizi, taa za wodi zikiwa zimezimwa. Kikimfaa saa hiyo, kitamfaa na siku zitakazofuata.

Tuanze na uzito, maana ndio unaowaangusha wengi. Simu ya kawaida ya kisasa ina gramu zinazokaribia 200. Kishikwambi cha inchi 8 kina kati ya gramu 300 na 350. Cha inchi 10 au 11 hukaribia gramu 500, na ukikivalisha kava nene lenye mguu wa kusimamia, kinazidi hapo. Laptopu nyingi nyepesi zina takriban kilo 1.2 au zaidi. Kwenye karatasi tofauti ya gramu 150 haionekani kuwa kitu. Lakini mfikirie kijana aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda, amelala chali, mguu umefungwa uzito wa kuuvuta ili mfupa ukae sawa. Mahali ambapo hakuna uwezo wa kumfanyia upasuaji mapema, mtu huyo anaweza kulala hivyo kwa wiki nyingi bila ruhusa ya kugeuka ubavu. Chochote anachosoma lazima akiinue juu ya uso wake. Gramu 500 zilizoinuliwa hivyo huuchosha mkono baada ya dakika chache, na mkono uliochoka humwangushia kioo usoni.

Kwa hiyo usikubali kukipima kifaa ukiwa umesimama mbele ya kaunta. Omba kiti, egemea nyuma, kishike kwa mkono mmoja juu ya usawa wa macho, tena mkono ule ambao hukuuzoea, kisha jaribu kufungua ukurasa na kuandika sentensi moja kwa kidole gumba cha mkono huohuo. Muuzaji atakushangaa kidogo, lakini utajua jambo ambalo maandishi ya kwenye boksi hayakuambii. Watu wazima wengi watagundua kwamba kishikwambi cha inchi 8 hushikika na cha inchi 10 hakishikiki. Simu nayo hushikika vizuri zaidi kuliko vyote, ila kioo chake humchosha mzee anayehitaji herufi kubwa, kwa sababu herufi zikikuzwa hubaki maneno machache tu kwa kila mstari.

Kuna vishikio vyenye shingo ndefu inayopindika, vinavyobana kwenye ukingo wa kitanda na kushika kifaa juu ya uso wa aliyelala. Kwa mgonjwa wa kulala chali, kishikio cha namna hiyo kina faida kubwa kuliko nyongeza yoyote ya RAM. Kibanwe kwenye chuma cha kitanda baada ya kumwuliza muuguzi. Kisibanwe kwenye stendi ya dripu, na kisiguse kabisa fremu wala kamba zinazovuta mguu uliovunjika, kwa sababu mvuto ule umepimwa na kuukorofisha ni kumrudisha mgonjwa nyuma.

Wapo wanaopendekeza kompyuta ndogo yenye kibodi, na pendekezo lao lina historia. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC, kompyuta yenye kioo cha inchi 7, hifadhi ya gigabaiti 4 na uzito usiofika kilo moja. Ilipendwa sana na wasafiri, na kampuni nyingine zikaiga haraka. Mwaka 2010 ikaja iPad, na katika miaka michache iliyofuata kompyuta zile ndogo zikatoweka madukani. Walioziacha hawakukosea. Kibodi inahitaji mikono miwili na mahali tambarare, na kitanda cha hospitali hakina uhakika wa hata kimoja kati ya hivyo. Zaidi ya hapo, laptopu nyingi hupoozwa kwa feni inayovuta hewa kupitia matundu ya chini. Ukiiweka juu ya blanketi matundu huziba, mashine hupata joto, na mtu ambaye ganzi haijamtoka miguuni anaweza asiusikie moto unaomchoma.

Hata hivyo kuna mtu ambaye kibodi ni lazima kwake: mwanafunzi wa chuo aliyebakiza sura mbili za tasnifu, mhasibu ambaye mishahara ya wenzake inasubiri saini yake, mwalimu anayepaswa kufunga matokeo ya muhula. Huyu namshauri atafute kishikwambi pamoja na kibodi ndogo ya Bluetooth inayotengana nacho. Siku akiwa na nguvu ya kuketi ataiunganisha. Siku asipoweza, kibodi itabaki kabatini na kishikwambi kitabaki mkononi. Kwa maandishi mafupi hata kibodi si lazima. Tangu mwaka 2017 kibodi ya Google inakubali kuandika kwa kusemewa Kiswahili, na ingawa hukosea majina ya watu na ya vijiji, humwezesha mwenye mkono mmoja kumaliza barua ambayo kwa kidole ingemchukua mchana kutwa.

Hapo nafika kwenye matumizi ambayo kwangu yanatangulia mengine yote, na ambayo sijawahi kusikia muuzaji akiyataja. Mgonjwa aliyewekewa mpira wa kupumulia shingoni, aliyepasuliwa koo au aliyepooza ulimi kwa kiharusi, hawezi kusema. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, na watu wanajadili mwili wake mbele yake. Mpe kishikwambi chenye herufi kubwa, naye ataandika kwa kidole kimoja: naumwa hapa, nina kiu, mwambieni mama asije leo, hii dawa jana ilinitapisha. Neno hilo la mwisho linaweza kubadilisha matibabu. Kama hawezi kuandika, ndugu anaweza kupanga mapema ukurasa mmoja wenye picha na maneno machache makubwa, maumivu, maji, choo, baridi, nigeuze, naye akagusa. Hapahitajiki mashine ya gharama wala intaneti. Kinachohitajika ni kioo kinachoitikia mguso mwepesi, mwanga unaoonekana mchana na usiku, na ndugu aliyekaa na mgonjwa siku moja kabla ya upasuaji wakafanya mazoezi. Mgonjwa anayejua kwamba ataamka bila sauti, na kwamba njia ya kusema ipo kando ya mto wake, huingia chumba cha upasuaji akiwa na utulivu ambao dawa haiwezi kumpa.

Suala la umeme nalo halina budi kusemwa waziwazi. Soketi iliyo karibu na kitanda imewekwa kwa ajili ya mashine: pampu ya dripu, kifaa cha kufuatilia mapigo ya moyo, mtambo wa oksijeni. Usichomoe plagi ya kitu chochote ili uchomeke chaja, hata kama kitu hicho kinaonekana kimezimwa. Katika wodi nyingi wagonjwa hupokezana soketi moja au mbili za ukutani, na ndugu huvipeleka vifaa kuchajiwa nje. Chukua basi pawabenki. Ile iliyoandikwa mAh 10,000 hubeba nishati ya takriban saa-wati 37, na sehemu yake hupotea njiani kwa joto, hivyo hujaza kishikwambi cha inchi 8 mara moja na kubakiza kidogo kwa ajili ya simu. Hiyo inatosha siku mbili za matumizi ya wastani. Nunua waya mrefu pia, usiopungua mita 2.

Usichaji chini ya mto wala chini ya blanketi. Betri za lithiamu zinahitaji hewa ya kuzipooza. Na mahali mgonjwa anapopumua oksijeni kwa barakoa au mrija wa puani, hatari inaongezeka, kwa sababu matandiko yaliyoshiba oksijeni huwaka kwa kasi kuliko kawaida na cheche ndogo hutosha. Kifaa kichajiwe mbali na kitanda hicho. Sharti hili halina nafasi ya kujadiliana.

Mtandao una mtego wake. Kishikwambi chenye nafasi ya laini ni bora kuliko kinachotegemea Wi-Fi peke yake, maana Wi-Fi ya hospitali mara nyingi ni ya wafanyakazi. Lakini vishikwambi vingi vyenye laini hubeba data tu. Havipigi simu ya kawaida wala havifungui menyu za nyota na reli zinazotumika kutuma na kupokea fedha. Mgonjwa aliyeacha simu nyumbani akidhani kishikwambi kinatosha atajikuta hawezi kupokea mchango wa ndugu kwa M-Pesa wala kulipia kipimo kilichoandikwa ghafla saa 4 usiku. Suluhisho la bei nafuu ni kubeba pia kitochi, kile wanachokiita kabambe huko Kenya. Chaji yake hudumu siku kadhaa, kinaingia mfukoni, na laini yenye fedha ikae humo.

WhatsApp inaweza kufunguliwa kwenye kishikwambi kama kifaa kilichounganishwa na simu, na ujumbe utaingia hata simu ikiwa imezimwa. Ila simu yenyewe isipofunguliwa kwa siku 14, kishikwambi hutolewa kwenye akaunti. Anayetoka Kigoma au Songea kuja kupigwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road anaweza kukaa Dar es Salaam wiki kadhaa. Kama simu yake kubwa ameiacha kwa mke nyumbani, waelewane kwamba ataiwasha na kuifungua mara kwa mara.

Bando likiisha, kifaa kisigeuke kioo kitupu. Wiki moja kabla ya kulazwa, ukiwa na mtandao wa uhakika, pakua vitu vyako: vitabu, mawaidha, kaswida au nyimbo za kwaya, Kurani au Biblia katika programu isiyohitaji intaneti, na vipindi ulivyovipenda. Programu ya Kiwix hukuwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya kifaa na kuisoma bila mtandao. Piga picha za barua ya rufaa, kadi ya bima, majibu ya vipimo vya zamani na maandishi ya kwenye pakiti za dawa unazotumia, uziweke katika folda moja. Daktari wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kukuona ataziona kwa dakika moja, ilhali faili la karatasi linaweza kuwa limefungiwa ofisi nyingine.

Msomaji ambaye kazi yake ni kusoma tu anaweza kuchagua kisomaji cha wino wa kielektroniki kama Kindle. Ni chepesi, chaji yake huhesabiwa kwa wiki, na kioo chake hakichomi macho. Udhaifu wake kwetu ni uchache wa vitabu vya Kiswahili vilivyotayarishwa kwa ajili yake, na hati za PDF husomeka kwa taabu kwenye kioo cha inchi 6.

Wenye maradhi ya moyo wasome aya hii kwa makini. Vishikwambi vingi, kava zake na baadhi ya simu mpya vina sumaku. Betri ya moyo na kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa kifuani hutengenezwa kwa namna ambayo sumaku iliyo karibu hubadilisha utendaji wake, kwa sababu madaktari wenyewe hutumia sumaku kuvidhibiti. Mwaka 2013 mwanafunzi wa miaka 14 kutoka California aliwasilisha mbele ya wataalamu wa moyo mjini Denver matokeo ya uchunguzi wake: iPad 2 ikilazwa juu ya kifua, kwa baadhi ya wagonjwa sumaku zake zilitosha kuathiri vifaa vya kushtua moyo. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikashauri simu na saa za kisasa zikae angalau inchi 6, yaani sentimita 15, kutoka kifaa kilichopandikizwa. Mkao wa mgonjwa anayesinzia akisoma ni uleule wa hatari, kwani kishikwambi humlalia kifuani. Aliyewekewa betri ya moyo, iwe katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au kwingineko, akiweke juu ya mapaja au kwenye kishikio, achague kava lisilo na sumaku, na amwulize daktari wake. Kwa chumba cha MRI sheria ni moja: kifaa chochote hubaki nje.

Usafi unaamua aina ya kava. Kishikwambi cha wodini huguswa na mgonjwa, ndugu, mtoto aliyekuja kusalimia, kisha huwekwa juu ya kabati, kitandani na pengine sakafuni. Kava la kitambaa au la ngozi hunywa kila kitu na halifutiki. Chukua la silikoni au plastiki laini lisilo na mishono. Mwezi Machi 2020 Apple ilibadilisha maelekezo yake na kuruhusu vifaa vyake vifutwe kwa vitambaa vyenye alkoholi ya asilimia 70, na hicho ndicho kipimo cha kutumia, kifaa kikiwa kimezimwa. Jiki inayosafishia sakafu za wodi isiguse kioo, maana huharibu utando wake. Kifute jioni, kifute siku unayoruhusiwa kabla hakijaingia nyumbani, na unawe mikono kabla ya kula kama vile hukukifuta.

Kuhusu bei, ninao msimamo mmoja: usipeleke wodini kitu ambacho ukikipoteza kitakurudisha kitandani. Wodi ina saa za wageni, watu wengi huingia, na mgonjwa anayepelekwa kwenye picha ya eksirei huacha vitu vyake bila mlinzi. Kilichotumika kinafaa, mradi kikaguliwe. Mwambie muuzaji akirudishe katika hali ya kiwandani mbele yako na ukianzishe upya kwa akaunti yako mwenyewe, kwa sababu vifaa vya Android na vya Apple hubaki vimefungwa kwa akaunti ya mmiliki wa zamani kama hakuiondoa, na kilichoibwa mara nyingi hujidhihirisha hapo. Kama kina nafasi ya laini, kina namba ya IMEI pia, na nchini Tanzania namba hiyo ikitumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 hurudisha taarifa za kifaa. Kichezeshe video nusu saa nzima ukiwa palepale, uone chaji inashuka kwa kiasi gani.

Walimu wengi wa Tanzania tayari wana kishikwambi mkononi, kwa kuwa vile vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwao. Ni mali ya serikali, kwa hiyo mwalimu anayelazwa amjulishe mkuu wa shule kabla ya kuondoka nacho, na taarifa zake za ugonjwa asizihifadhi humo.

Kamera nayo ina mipaka. Jirani wa kitanda cha pili hakuja hospitali ili aonekane kwenye simu za watu wa ukoo wako. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019, na hata bila sheria, mtu aliyelala nusu uchi akiwa na mirija anastahili heshima. Unapopiga simu ya video, elekeza kamera upande wa ukuta, vaa hedifoni, punguza mwanga usiku. Hedifoni ya waya ni nafuu, haihitaji kuchajiwa, na haidondoki chini ya kitanda.

Kwa anayenunua kifaa kimoja tu, jibu langu ni kishikwambi cha inchi 8 chenye nafasi ya laini, kava la silikoni, pawabenki moja na kitochi kando yake. Kinunue kabla ya siku ya kulazwa, ukae nacho nyumbani angalau wiki, ukizoee ukiwa mzima. Na kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji, mwambie ndugu mmoja unayemwamini namba ya kufungulia kishikwambi, umwonyeshe ilipo folda ya vipimo na majina ya dawa zako. Namba ya siri ya fedha zako ibaki yako. Hiyo ya kishikwambi mpe, kwa sababu kuna saa ambayo daktari atauliza jambo kukuhusu nawe hutaweza kujibu.